Keja Inavunda? Wacha Kupuliza Spray, Chimba Sinki

Sikia msee. Keja yako iko na luku. LED za purple zimezunguka kitanda, woofer imekaa corner, zulia ni ile ya manyoya, TV imegongwa kwa wall. Ukipiga video hapo, watu wanadhani umeomoka. Halafu beshte anakam, anavua viatu, anakaa, anavuta pua mara mbili. Kimya. Anauliza kama anaweza fungua dirisha.

Imeisha. Sinki yako imekuchomea picha.

Mtaani watu husamehe vitu mob. Raba fake, sawa. Kudandia Wi-Fi ya jirani, sawa. Kuvaa hoodie moja wiki mzima, sote tumesota. Lakini keja ikinuka samaki wa juzi, hiyo risto itafika base kabla wewe ufike. Mbogi itakubatiza. Utaitwa Sinki. Utahama Roysambu uende Umoja, mtu wa mkokoteni atapita na akuite Sinki. Utaoa, na kwa card ya harusi wataandika Sinki na Familia.

So leo tunamaliza hii maneno. Na shika hii moja kwanza, ju yote ingine inatoka hapo: kunukia ni ganji, kutonuka ni tabia. Harufu mbaya huwezi kuifunika. Unaitafuta penye inalala, unaitoa na mkono.

Ganji unachoma bure

Ingia supermarket yoyote, cheki shelf ya vitu za kunukia. Mishumaa ya vanilla. Vijiti za kutoa marashi kwa chupa. Spray ya lavender. Ile kitu ya kuchomeka kwa soketi. Mshumaa mmoja mdogo, umefungwa kwa glasi poa, unaitishwa thao na juu. Thao! Hiyo ni unga, mboga, gas kidogo na fare ya mat.

Na ukishawasha inafanya nini? Inaongeza vanilla juu ya omena. Saa hii keja inanuka keki ya samaki. Bakteria wako hapo chini wanaendelea kudishi vizuri, wanapumua gesi mpya kila dakika, hawajaskia hata kidogo kama umewasha mshumaa. Spray ikiisha nguvu, wao ndo wako na zamu.

Usiulize wazee. Buda atasema fungua dirisha, kitu amesema kuhusu kila shida tangu uzaliwe, mpaka homa. Mathe atasema mwaga Jik. Shosh atakutumia majivu kutoka ocha ndani ya gunia na basi ya usiku. Na landi, ukimpigia, atakwambia, "Hiyo ni mvua tu, itaisha." Ni Januari. Jua inachoma mabati. Landi amekazana ni mvua.

Kwanza jua nani anatema

Usianze kumwaga vitu ovyo. Piga test. Toa ndoo ya taka nje, funga mlango, funga dirisha, enda base dakika ishirini. Pua ikishazoea harufu inaacha kuskia, ndo maana wewe hushtuki na mgeni anashtuka. Ukirudi na pua fresh, vuta.

Harufu imepotea? Ni ndoo. Bado iko? Inama juu ya shimo la sinki. Ikiwa ni chakula imeoza na inatokea juu juu, shida iko mdomo wa sinki. Ikiwa ni mayai viza na inakupiga kutoka ndani kabisa, hiyo ni gesi ya mtaro. Na usisahau sponji. Hiyo sponji yako ya kijani na njano, umeitumia tangu uhamie, ikunje uivute. Ukitoa machozi, tupa. Mpya ni bei ya smokie, wacha ubahili.

Ndoo

Taka haiozi ju ni taka. Inaoza ju imelowa. Maji ndo inafanya bakteria na nzi wafungue sherehe. So kazi ni moja: taka ikauke.

Mabaki ya ndengu, chuja kwanza, kisha ufunge kwa gazeti. Ile karatasi butcher amekufungia nyama, itumie tena kubeba vichwa vya omena. Maganda ya avocado na vijiti vya sukuma, acha zinyauke kidogo kwa sahani kabla ziingie. Chini ya ndoo tandika gazeti kadhaa, zinakunywa ile supu nyeusi huwa inatoka. Na siku ya kuosha ndoo, osha na kifuniko. Wasee wengi huosha ndoo ikang'aa, halafu wanarudisha kifuniko kiko na ramani ya Kenya kwa upande wa ndani.

Tangu 28 Agosti 2017, zile juala za plastiki za supermarket zilipigwa marufuku Kenya, wasee waliachwa bila kitu ya kufungia taka. Wengi walianza kutupa vitu uchi kwa ndoo. Hapo ndo ilienda mrama. Gazeti ndo jibu, na gazeti ya jana kwa kibanda unapewa ya bure.

Na kama uko na friji, matumbo ya samaki weka kwa freezer mpaka asubuhi watu wa taka wanakam. Najua imekaa ufala kuweka taka kwa friji. Fanya hivyo. Baridi inasimamisha kuoza, na hakuna mtu ataangalia freezer yako, labda beshte anatafuta barafu, na huyo atajua hajui.

Mdomo wa sinki

Hapa ndo kwenye noma imejificha. Toa kichujio, ile chuma ya mashimo. Igeuze. Uko na nini hapo chini? Ute. Umeshika mabaki ya ugali, mchele, ngozi ya nyanya, nywele, zote zimekuwa kitu moja ya rangi ya huzuni. Hiyo kitu iko hai. Hakuna spray itaifikia.

Chukua brashi ya meno ya zamani, sabuni ya vyombo, na soda ya kuoka kidogo. Soda ni ungaunga, inasugua bila kukwaruza. Sugua kichujio mbele na nyuma. Sugua ule mdomo, ingiza brashi mpaka ikatae. Kama sinki iko na kale katundu ka juu, ka kuzuia maji kufurika, kasugue pia. Hako huwa hakuna mtu hukagusa tangu ploti ijengwe.

Halafu ile maneno ya TikTok. Msee anamwaga soda, anamwaga siki, povu inapanda, mahewa inapigwa, comments zimejaa moto. Povu ni tamu kuangalia. Lakini ile povu ni kaboni dayoksaidi inatoka tu. Soda na siki zinauana. Ikishatulia umebaki na maji na chumvi fulani kwa paipu, na mafuta bado yamekaa pale yanakucheki. Kama unazitaka zote, zipe kila moja shift yake. Soda ya kusugua. Siki kivyake, kwa harufu ya samaki.

Na siki ama ndimu kwa samaki ni sayansi, si mapambo. Samaki ananuka hivyo ju ya kemikali zinaitwa amini, na asidi inazishika zisiruke hewani tena. So shosh akipaka ndimu kwa samaki alikuwa amegonga ndipo. Alibahatisha. Usimwambie, ataleta gunia ingine ya majivu.

Mafuta, wewe ndo unajiua

Umepika chapo Jumapili, mafuta imebaki kwa sufuria, unamwaga kwa sinki. Msee. Nai tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Julai kukiwa na baridi, mafuta ya kuganda inakauka hata kwa kopo iko kwa shelf. Unadhani kwa paipu, chini ya simiti, itafanya nini? Inakauka kwa ukuta wa paipu. Punje ya wali ikipita, inanata. Jani la dania linapita, linanata. Wiki chache baadaye uko na soseji ya uchafu ndani ya paipu, na unashangaa kwani maji inaenda polepole aje.

Usimwage mafuta. Iache igande kwa sufuria, ipanguse na gazeti, itupe kwa ndoo. Dakika moja. Ukishaosha vyombo, pitisha maji moto na sabuni. Nimesema moto, sijasema ya kutokota. Paipu nyingi za hizi ploti ni za PVC, na hizo hazipendi joto ya kupita digrii 60 hivi. Hapa Nai maji inachemka karibu digrii 94, so ukitoa birika kwa gas na kumwaga moja kwa moja, unalainisha paipu yako na maungio zake. Wacha itulie kwanza.

Trapu, soja wa keja

Inama chini ya sinki. Unaona kachupa fulani, ama paipu imepinda kama U? Hiyo inaitwa trapu. Ndani kuna maji kidogo imekaa daima. Hayo maji ndo soja. Gesi ya mtaro inakam kutoka chini, inapata maji, inarudi. Maji ikiwa haiko, gesi inaingia kejani, inakaa kwa sofa, inachukua remote.

Umeenda ocha Desemba. Umekula mbuzi mpaka tarehe tatu Januari. Umerudi, umefungua mlango, keja imekupiga ngumi. Hakuna mtu amekufa hapo ndani, wacha kuogopa. Maji ya trapu imekauka tu. Mwaga maji kwa sinki, kwa bafu, kwa kila shimo kwa floor, subiri kidogo, fungua dirisha, imeisha. Next time kabla ya kusafiri, jaza maji halafu umalizie na kijiko cha mafuta ya kupika ya maji. Mafuta inaelea juu, inazuia maji kukauka haraka. Hiyo ndo mara ya pekee mafuta inaruhusiwa kwa sinki yako.

Kuna ingine. Jirani wa juu akimwaga ndoo mzima, sinki yako inatoa sauti, glu-glu-glu, kama mzee anakunywa chai. Hiyo sauti ni maji yake ikishuka kwa paipu kubwa na kuvuta hewa, na wakati mwingine inavuta na maji ya trapu yako. Soja ametekwa. Mwaga maji tena, arudi kazi. Ikifanyika kila siku, paipu ya ploti haipumui, na hiyo ni ya landi kurekebisha. Mpigie. Atasema ni mvua. Mpigie tena.

Kama trapu imeziba, hii ni kazi yako na si ya fundi. Weka karai chini. Zungusha kile kikombe cha chini na mkono, kinafunguka. Toa uchafu, sugua, rudisha na ule mpira wake wa duara, ju ukiusahau utaogelea. Na ile supu imeingia kwa karai, mwaga chooni. Usiimwage kwa sinki yenye hujarudishia trapu. Soma hiyo sentensi tena.

Na sasa ile paipu ya mikunjo, ya kuvutika kama akodioni, fundi alikuwekea ju ni rahisi. Cheki imepita aje. Kwa keja nyingi imenyooka tu, imechomekwa kwa shimo la ukuta, hakuna U, hakuna soja, na pembeni ya shimo kuna nafasi panya inaweza pita na mkoba. Ikunje iwe U, ifunge na waya ikae hivyo, ziba ile nafasi na silikoni. Hapo umemaliza shida ya miaka kwa lunch break.

Mahali tunawacha jokes

Hii sikia vizuri, ju nakupenda na nataka ufike kesho. Mathe akisema Jik, anaweza kuwa sawa, Jik pekee yake na maji. Lakini usiwahi changanya Jik na siki. Usiichanganye na ndimu. Usiichanganye na dawa ya choo ya asidi, kama Harpic. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, ile iliua wanajeshi kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ikikutana na amonia, inatoa gesi ingine ya kuchoma mapafu. Wewe uko bedsitter, dirisha moja, kitanda kiko hatua mbili kutoka sinki. Huna pa kukimbilia.

Caustic soda pia si ya kucheza. Inafungua paipu, kweli, lakini inakula ngozi na inaweza kukuacha bila jicho. Ukiitumia, glavu na miwani, na soda ndo inaingia kwa maji polepole. Maji haimwagwi juu ya soda, ju inaruka na moto. Mimi nasema fungua trapu na mkono. Bure, salama, na unajua umetoa nini.

Cuzo wa majuu na ile mashine

Kila familia iko na cuzo Texas ama Minnesota. Video call, anakuonyesha kitchen. Anatupa mabaki ya dishi kwa sinki, anabonyeza swichi ya ukuta, kitu inanguruma, dishi imeenda. Unaona wivu. Tulia.

Hiyo mashine ilibuniwa mwaka wa 1927 na John Hammes, mchora ramani za majengo kutoka Racine, Wisconsin. Kampuni yake, InSinkErator, ilianza 1938. Watu hudhani kuna visu ndani. Hakuna. Kuna sahani inazunguka, iko na vyuma vinarusha chakula kwa ringi ya pembeni, inasagika, maji inabeba. So wale wa kuweka maganda ya mayai eti yanoe visu, wananoa hewa.

Na inanuka! Hapo ndo umbea. Cuzo hatakuambia, lakini inanuka kuliko sinki yako. Kwa mdomo kuna ule mpira mweusi wenye majani, na chini yake chakula inajipaka na kukaa. Watu wanamwaga kila kitu ndani, hawageuzi huo mpira. Cuzo akikuringia, mpe maarifa. Zima stima ya mashine kabisa, inua majani ya mpira, sugua upande wa chini na brashi na sabuni. Washa, tupa barafu na chumvi, zinabandua uchafu kwa ringi. Maliza na vipande vidogo vya ganda la ndimu. Maji iwe baridi wakati inasaga, ndo mafuta ibaki imeganda, ikatwe na ipite. Na mkono usiingie ndani, hata kama pete ya harusi imeanguka. Tumia koleo.

New York walikataza hizo mashine majumbani kwa miaka mingi, wakihofia mitaro yao ya zamani, wakaruhusu 1997. New York! So usiskie vibaya kuwa huna. Kwa hizi ploti zetu, ile paipu nyembamba ikipewa ugali imesagwa ingeziba kabla ya Ijumaa.

Ploti ni paipu moja

Sasa cheki picha kubwa. Wewe uko floor ya tano. Sinki yako, ya jirani, ya wale wa juu na wa chini, nyingi zinashukia paipu moja. Hiyo inamwaga kwa shimo la nje, karibu na mlango wa floor ya chini. Hapo kuna mathe anauza mandazi na mtoi anacheza bano. Mafuta yako ya chapo inagandia hapo, kwake. Maji ikirudi, inarudi kwake. Wewe uko juu umewasha mshumaa wa thao.

Hiyo ndo inaniudhi kuhusu hii maneno yote ya vanilla. Tunanunua harufu ya kujifunika sisi, halafu tunasukumia jirani uchafu. Na taka ya Nai mob inaishia Dandora. Ile dampo ilifunguliwa 1975, ikatangazwa imejaa 2001, na bado malori yanapanga laini. Kuna watu wanalala kando yake, na wao hawana dirisha ya kufungua ikasaidia.

So form ni hii. Kila Jumapili usiku, kichujio na brashi. Kila ukipika, gazeti kwa sufuria. Ndoo ikauke, kifuniko kioshwe, sponji mpya ikianza kutema. Halafu ingia group ya ploti ya WhatsApp, ile ya kulalamika stima, utupe text moja: "Wasee, tusimwage mafuta kwa sinki, inazibia watu wa chini." Watakucheka. Mmoja ataweka sticker. Landi ataandika ni mvua. Tuma tu. Wawili wakiacha, paipu inapumua, na siku mathe wa mandazi atakuongezea moja ya juu, usiulize kwa nini. Kula.